KUANZA ALIFU MARA YA PILI

Safari hii twapenda kuwazungumzia wasomaji wetu khabari za mtu asiyekuwa wa mila yetu wala wa nchi yetu. Jina lake ni Fukuzawa Yukichi, Mjapani, aliyezaliwa mwaka 1835 akafa mwaka 1901. (Kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia, ndipo likaja lake mwenyewe.) Twajua watakuwako watakaouliza: Je, mumekosa masheikh na mashujaa wa Kiislamu wa kutuhadithia, hatta mukatuletea mtu asiyesali?

Jawabu yetu ni kuwa sisi si wa kwanza. Mustafa Kamil wa Misri, aliyekuwa akipigania nchi yake itoke mikononi mwa Waingereza, alitunga mwaka 1904 kitabu kizima juu ya Japani, akakiita Ash-Shamsu 'l-Mushriqa, maana yake Jua Lichomozalo. Na zaidi ya miaka elfu kabla yake, Waislamu wa Baghdad walifasiri vitabu vya Wayunani walioabudu masanamu; wakatwaa utabibu wao na hisabu zao, masanamu wakawaachia wenyewe. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Kwa mtu huyu yako mengi ya kutwaa, na liko jambo moja kubwa la kuacha, nalo tutalifikia.

Japani ya siku zile ilikuwa nchi iliyojifungia milango. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 hakuna Mzungu aliyeruhusiwa kufanya biashara humo illa Waholanzi, nao walizuiliwa katika kijisiwa cha Deshima, bandarini Nagasaki. Na ndani ya nchi kila mtu alizaliwa na daraja yake akafa nayo. Baba yake Fukuzawa, jina lake Hyakusuke, alikuwa samurai, yaani katika wale askari wa urithi waliowatumikia mabwana wa majimbo, lakini samurai wa daraja ya chini katika jimbo la Nakatsu, kisiwani Kyushu. Alikuwa mwanachuoni mpenda vitabu, na kazi aliyopewa ni kukaa Osaka kushughulikia fedha na madeni ya bwana wake kwa matajiri. Kazi hiyo aliichukia. Siku moja alisikia kwamba mwalimu wa watoto wake anawafundisha kuhisabu. Akakasirika, akawaondoa chuoni, kwani kwake yeye hisabu ni kazi ya wachuuzi, na si haki kumchafua nayo mtoto wa watu. Msomaji na alikumbuke jambo hili, mbele tutalirudia.

Hyakusuke alikufa Yukichi akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amemwambia mkewe kuwa mtoto huyu akikua atamfanya mtawa wa hekalu. Miaka mingi baadaye mwana ndipo alipoifahamu maana yake: katika nchi ile, hekalu ndiyo ngazi pekee ambayo mtu wa chini aweza kuipanda. Popote pengine, hatta angalikuwa na akili kama bahari, mwana wa mtu mdogo atakufa mdogo. Mjane na watoto wake watano wakarejea Nakatsu, na huko watoto wa samurai wakubwa waliwasemesha wenzao wa chini kwa maneno ya kuamrisha, hatta katika michezo. Uchungu wa jambo hilo Fukuzawa hakuusahau mpaka uzeeni.

Zipo katika utoto wake khabari mbili ambazo wasomaji wetu watazipenda. Alikanyaga siku moja, kwa kupita mbio, karatasi za kaka yake, na moja ilikuwa na jina la bwana wa jimbo. Akakemewa vikali. Akaomba radhi, lakini moyoni akajiuliza: ikiwa kulikanyaga jina la bwana ni kosa namna hii, kulikanyaga jina la mungu itakuwaje? Akatwaa kwa siri karatasi ya hirizi yenye jina la mungu wao, akaikanyaga. Halikumpata jambo. Akaipeleka chooni, na safari hii aliogopa kidogo. Napo halikumpata jambo. Alipoongezeka umri akafungua kijumba cha mzimu wao uitwao Inari, atazame ndani mna nini. Akakuta jiwe. Akalitupa, akatia jiwe jingine aliloliokota. Ilipofika sikukuu ya Inari watu wakaja na bendera na ngoma na pombe ya mchele, wakaliheshimu jiwe lile la njiani, naye akicheka peke yake. Sisi hatuna haja ya kuongeza neno. Msomaji wetu ayajua mawe ya kwao.

Lakini twaongeza hili kwa ajili ya haki: Fukuzawa alilitupa jiwe, wala hakumtafuta aliyeliumba. Maisha yake yote hakuwa mtu wa dini yo yote. Dini aliiona kuwa chombo cha kutuliza watu. Hapo twaachana naye, tukamfuata katika njia yake nyingine.

Mwaka 1853 markabu za kivita za Marekani zilifika Japani, na mizinga yake ikawatia watu wote hofu. Kila jimbo likataka kujua siri ya mizinga ile, na siri hiyo ilikuwamo katika vitabu vya Waholanzi. Mwaka 1854 Fukuzawa akenda Nagasaki kusoma Kiholanzi, na mwaka 1855 akaingia Osaka katika chuo cha tabibu Ogata Koan. Mwaka uliofuata kaka yake akafa, akaacha deni. Vitu vya nyumbani vikauzwa, na pamoja navyo vitabu vya baba yao vilivyokuwa vingi mno. Jamaa wakasema kijana akae nyumbani ashike mahala pa kaka yake. Mama yake, mjane aliyebakiwa na mjukuu mdogo wa kulea, ndiye aliyemwambia: Nenda.

Na chuo hicho cha Osaka, twatamani kila mwalimu na kila mwanafunzi wa kwetu angalikiona. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya mkeka mmoja tu, ndimo alimolala na kula na kusoma. Kamusi ya Kiholanzi ilikuwa moja kwa chuo kizima, imewekwa katika chumba chake, nayo haitoki humo. Usiku wa kuamkia mtihani wanafunzi walijazana kuizunguka. Vitabu walivinakili kwa mikono. Ilitokea kwamba bwana mmoja wa jimbo alipita Osaka na kitabu kipya cha Kiholanzi cha ilimu ya maumbile, alichokinunua kwa mali nyingi, nacho kilikuwa na mlango juu ya nguvu za umeme, maneno ambayo hawakupata kuyasikia. Mwalimu akakiazima. Bwana yule alikuwa atakaa siku mbili tatu tu. Wanafunzi wakagawana kazi: mmoja asoma kwa sauti, mwengine aandika, akichoka ashika mwengine, mchana na usiku, hatta wakaumaliza mlango ule wote na michoro yake. Kitabu kilipoondoka walikipapasa kwa mikono yao kama waagao mzee wao.

Siku moja Fukuzawa aliugua, akataka mto wa kulalia. Akatafuta, asiuone. Ndipo akatambua kuwa kwa muda wa mwaka mzima hakulala kwa kujinyosha na kuegemeza kichwa. Kila usiku usingizi ulimchukua juu ya meza na vitabu vyake.

Basi mtu aliyesoma namna hii, akaitwa mwaka 1858 Edo, mji ambao sasa huitwa Tokyo, awe mwalimu wa Kiholanzi wa watu wa jimbo lake, haikosi alijiona amefika. Mwaka uliofuata, 1859, bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa wageni. Fukuzawa akenda kwa miguu kuitazama. Akapita madukani. Maandishi juu ya milango hakuweza kuyasoma. Karatasi zilizobandikwa juu ya chupa hakuweza kuzisoma. Alisema nao Kiholanzi, hawakumfahamu, nao wakisema asifahamu yeye, mpaka alipompata mfanya biashara mmoja wa Kijerumani aliyejua Kiholanzi cha kuandikiana. Akatembea mwendo wa kutwa kwenda na kurudi, akafika nyumbani amechoka; na kilichomchosha zaidi si miguu. Lugha iliyokuwa ikitumika katika bandari ile ilikuwa Kiingereza. Miaka yake mitano, na mto asiokuwa nao, na vitabu alivyovinakili, vyote kama vilivyomwagwa baharini.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, kwani hapa ndipo twaonavyo sisi ulipo uzito wa maisha ya mtu huyu, kuliko katika vitabu vyake vyote. Si jambo zito kwa mjinga kukubali kuwa mjinga. Lililo zito ni kwa mwalimu, mwenye wanafunzi, aliyekwisha kuitwa bingwa, kurudi akakaa chini akaanza alifu. Siku ya pili yake tu Fukuzawa aliazimia kusoma Kiingereza. Akamwendea mkalimani mmoja wa serikali ambaye kila siku alikuwa na shughuli. Aambiwa njoo asubuhi, aja asubuhi kutoka mbali, aambiwa njoo jioni. Akaacha, akapata kamusi ya Kiingereza kwa Kiholanzi, akaketi nayo. Akawatafuta wenzake wa Osaka wasome pamoja. Mmoja wao, Murata Zoroku, ambaye baadaye alikuwa muundaji wa jeshi jipya la Japani, alikataa katakata: kila kilicho na manufaa katika Kiingereza Waholanzi watakifasiri, ya nini kujisumbua? Ni mara ngapi tumewasikia wakubwa wetu wakisema maneno mfano wa haya! Fukuzawa aliendelea, na baada ya muda akaona kwamba lugha mbili zile ni ndugu, na kwamba alichokisoma mwanzo hakikupotea.

Safari zake tutazipita upesi. Mwaka 1860 serikali ilipeleka markabu yake, Kanrin Maru, hadi San Francisco. Fukuzawa hakuwa na cheo cha kumpatia nafasi, akaomba kwenda kama mtumishi wa Kimura, mkuu wa safari, akakubaliwa. Mitambo haikumshangaza sana, kwani alikwisha kuisoma vitabuni. Kilichomshangaza ni alipouliza wako wapi wazao wa George Washington, na aliyemwuliza akajibu kwamba hajui kwa hakika, wala hakuonyesha kulijali jambo lenyewe. Kwa mtu aliyetoka nchi ambayo mjukuu wa mtawala husujudiwa, hili lilikuwa kubwa kuliko gari la moshi. Mwaka 1862 akafuata ujumbe wa kwenda Ulaya. Wakapita Hong Kong na Singapore na Aden, bandari ambayo majahazi ya babu zetu waliijua vema, wakapanda gari la moshi kutoka Suez hadi Cairo, kisha Ufaransa, Uingereza, Uholanzi, Prussia, Urusi na Ureno. Kila mahali aliuliza: Hospitali hii nani anailipia? Barua hufikaje? Huyu na huyu ni wa vyama viwili vyenye kushindana katika baraza la kutunga sheria. Mbona wanakula meza moja? Neno hili la mwisho, asema, lilimchukua siku nyingi kulifahamu.

Majibu ya maswali hayo aliyatia katika kitabu chake cha khabari za nchi za Magharibi, kilichoanza kutoka mwaka 1866, kikasomwa na watu wengi mno. Na siri moja ya kusomwa kwake ni lugha. Wanavyuoni wa Japani waliandika kwa Kichina kigumu ili waonekane wanavyuoni. Fukuzawa aliandika kwa maneno ya watu, na rasimu zake aliwasomesha wanawake na watoto wa nyumbani, walipokwama akabadilisha. Mwaka 1873 akatoa kitabu cha kufundisha namna ya kuandika hisabu za biashara. Mwana wa yule aliyewaondoa wanawe chuoni kwa kuwa wamefundishwa kuhisabu! Wala hakumvunjia baba heshima. Baba alifungwa na zama zake.

Ama shule yake, aliyoianza na wanafunzi wachache mwaka 1858, mwaka 1868 aliipa jina la Keio, kwa jina la miaka ile. Na katika mwaka huo huo nchi ilipasuka. Watu wa mfalme walikuwa wakipigana na watu wa serikali ya kale, na tarehe 4 Julai vita vikaingia Edo kwenyewe, kilimani Ueno. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia na mizigo. Shuleni kwa Fukuzawa wanafunzi walikuwa wamepungua wakabaki haba. Naye siku hiyo, katika saa zake za kawaida, alikuwa akiwasomesha kitabu cha Mmarekani Francis Wayland cha ilimu ya uchumi. Mizinga ilisikika. Wanafunzi walipanda juu ya paa kuutazama moshi. Lakini Ueno ilikuwa mbali nao, na darsa haikuvunjika. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba katika nchi nzima ni wao tu waliobaki kuishika ilimu isikatike.

Wako wanaomlaumu kwa siku ile, wakisema nchi yaungua naye asoma kitabu. Sisi hatumlaumu. Washindi wa Ueno walihitaji, mwezi wa pili yake, watu wa kuandika sheria na kuhisabu kodi na kufundisha watoto. Risasi hazikuwazaa watu hao.

Vita vilipokwisha serikali mpya ilimwita mara nyingi aingie katika kazi yake. Alikataa kila mara mpaka akafa. Mjumbe mmoja alipomwambia serikali yataka kumsifu kwa aliyoyatenda, alijibu kwa maana hii: mvuta gari huvuta gari, na mtengeneza tofu hutengeneza tofu, nami husoma vitabu, mkitaka kunisifu kwa kufanya kazi yangu, anzeni kwa jirani yangu mtengeneza tofu. Panga mbili alizokuwa na haki ya kuzivaa kama samurai aliziweka kando kwa khiari yake. Wala haikuwa salama kusema maneno kama yake; jamaa yake mmoja wa Nakatsu alikula njama ya kumwua mwaka 1870, na nyumbani kwake alitengeneza tundu chini ya sakafu la kukimbilia usiku.

Kitabu chake kilichoenea zaidi ni kile cha kuhimiza ilimu, kilichotoka vipande 17 tangu mwaka 1872 hatta 1876. Humo alisema kwamba watu huzaliwa sawa, na kinachomtenga mtu na mwenzake ni kusoma na kutosoma. Na kwamba taifa halipati kusimama lenyewe madamu kila mtu wake mmoja mmoja amezoea kuegemea. Mtu aliyezoea kupiga magoti kwa bwana wake, asema, atapiga magoti kwa mgeni pia. Na mwaka 1875 akaandika kingine, akapambanua ustaarabu wa nje na ustaarabu wa ndani. Nguo, nyumba na chuma ni vya nje, hununuliwa kwa fedha. Roho ya kuchunguza na kujitegemea haiuzwi dukani, nayo ndiyo ya kutangulizwa.

Ndugu zetu, tumepata kuwaona watu wa namna mbili. Mmoja akiona kitabu cha ilimu ya maumbile huogopa imani yake isivunjike, kana kwamba si sisi tulioamrishwa kusoma kabla ya kuamrishwa jambo jingine lo lote. Wa pili hutwaa suruali na kofia na sigara, akadhani amekwisha kustaarabika, na hesabu ya duka lake mwenyewe haijui. Fukuzawa angaliwacheka wote wawili.

Sasa tuje kwenye lile la kuacha. Mwaka 1882 alianzisha gazeti lake, Jiji Shinpo, na katika mwaka huo huo alihadithia humo jambo aliloliona zamani akiwa markabuni bandarini Hong Kong. Mchuuzi wa Kichina alikuja kuuza viatu, naye Fukuzawa akawa anapatana naye bei. Mwingereza mmoja akaingilia, akamnyang'anya yule Mchina viatu, akampa Fukuzawa, akamlipisha bei aipendayo yeye Mwingereza, kisha akamfukuza mchuuzi kwa fimbo. Mchuuzi maskini hakusema neno. Je, Fukuzawa alimwonea huruma aliyepigwa? Aandika kuwa hakumwonea huruma, wala hakumchukia aliyepiga. Aliona wivu. Alitamani siku moja Wajapani nao wawe na nguvu ya kuwafanyia watu hivyo.

Tumeyasoma maneno haya tukastaajabu. Huyu ni yule mtoto wa Nakatsu aliyeamrishwa na watoto wenzake! Udhalimu wa daraja aliuchukia kwa kuwa ulimkalia yeye na baba yake. Ulipomkalia Mchina aliuona ni cheo cha kutamaniwa. Ulaya alikwenda kusoma, na pamoja na hospitali na posta akaisoma na fimbo. Mtume wetu alifundisha kumsaidia aliyedhulumiwa, na hakuuliza ni wa kabila gani. Ilimu isiyokuwa na mizani hii humnoa mtu kama kisu, asijue atamkata nani.

Wala haikuwa kwamba jirani zake hakuwajua. Mwaka 1881 vijana wa Korea walikuja kusoma shuleni kwake, akawapokea vizuri. Aliwasaidia Wakorea waliotaka kuigeuza nchi yao. Nao walipojaribu kuishika serikali kwa nguvu mwezi wa Desemba 1884 wakashindwa, wengine wakauawa kwa ukatili. Tarehe 16 Machi 1885 gazeti lake likatoa makala isiyotiwa jina, ambayo imehesabiwa miongoni mwa maandishi yake, ikisema Japani isiwangojee tena majirani zake Wachina na Wakorea, bali ijitenge nao na iwatendee kama Wazungu wanavyowatendea. Japani ilipoishinda China mwaka 1895 alifurahi hatta kutokwa na machozi. Akafa tarehe 3 Februari 1901, Tokyo. Sura yake ilitiwa juu ya noti ya yen 10,000 tangu mwaka 1984 mpaka mwaka 2024 ilipotoka noti mpya yenye sura ya mtu mwengine, na shule yake, ambayo sasa ni chuo kikuu, yaendelea kusomesha.

Miongoni mwa wale vijana wa Korea wa mwaka 1881 alikuwako mmoja jina lake Yu Kil-chun. Aliporudi kwao alitunga kitabu kuwaeleza watu wake khabari za nchi za Magharibi, kama mwalimu wake alivyowatungia Wajapani. Mwaka 1910 Japani iliimeza Korea yote, ikawagawia wakubwa wa Kikorea vyeo vya kuwatuliza. Yu Kil-chun naye akaletewa chake. Akakikataa.